Saini ya Mwenye Hadithi

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa kwanza, uvae miwani, maana najua husomi barua umesimama. Sisi huku wazima. Mama amefanyiwa operesheni ya jicho la kushoto, na tangu bandeji itolewe hatuna amani: anaona kila doa kwenye sufuria zangu na kila mvi kichwani mwangu. Kaka, daktari wa meno, amehamia ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Mama alipofika juu alishika kiuno, akasema, "Miaka kumi na moja nimepandisha watu kwa lifti ya hoteli bila kutoka jasho. Leo mwanangu ananipandisha kwa miguu!" Msalimie sana mkaza-mjomba wangu.

Sasa neno lenyewe. Ile filamu ya kitabu chako, Ghorofa ya Saba, haiko tena kwenye ndoto. Unakumbuka kwenye harusi ya kaka nilikuomba nikitengenezee filamu, ukasema, "Chukua, mwanangu, ni chako"? Nilikichukua kweli. Skripti imekamilika baada ya miaka miwili. Mfuko wa filamu umekubali kutoa asilimia arobaini ya bajeti. Kituo cha televisheni kitanunua haki ya kuionyesha, hiyo ni ishirini. Mama mmoja mwenye kiwanda cha matofali ataweka ishirini na tano. Nimebakiwa na pengo la kumi na tano.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, wewe uliyewahi kuhangaika na kazi hii, nifundishe pengo huzibwa vipi. Pili, saini karatasi niliyoiambatanisha, kwamba wewe mwenye hadithi unaipa kampuni yangu haki ya kuitengenezea filamu. Mfuko hautoi hata senti bila hiyo, na mwisho wa kuipokea ni tarehe 30 Mei, saa kumi alasiri.

Mpwa wako,
Kiroboto (jina ulinipa mwenyewe, usilalamike)

*

27 Februari

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba, na pole kwa mvi. Mwambie dada yangu jicho la kulia nalo alitunze, asilimalizie kwenye sufuria. Mke wangu hajambo. Ameanza kutembea kilomita mbili kila asubuhi, nami namsindikiza hadi getini. Paa limeacha kuvuja, baada ya fundi kuja mara nne na kunywa chai mara tisa.

Nimefurahi mno. Ngoja nikueleze jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Fedha ya filamu haifanani na fedha ya nyumba. Mtu akishindwa kumaliza nyumba, kuta zipo. Mwingine atanunua, ataezeka. Filamu iliyokwama katikati haina hata ukuta. Ni picha ambazo hakuna anayeweza kuzitazama. Ndiyo maana kila mwenye fedha unayemwendea, hata akikusifia skripti kwa nusu saa, moyoni anauliza swali moja tu: nani mwingine yumo? Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, na wote wanataka kuwa kabla ya wa mwisho. Kazi ya mtayarishaji ni kuwafanya waingie mlangoni kwa pamoja, kila mmoja akiwa amemshika mwenzake mkono.

Bajeti yako nimeipitia kwa penseli. Umesahau akiba ya dharura; weka asilimia kumi, na usiiguse hadi utakapolia. Umesahau mwanasheria. Na wewe mwenyewe umejiandikia sifuri! Unadhani wataona una moyo wa kujitolea. La. Wataona hujui gharama ya kazi, au kwamba utajilipa kwa mlango wa nyuma. Jiandikie mshahara, hata kama utaupokea baadaye.

Pengo lako usilizibe kwa fedha, lizibe kwa watu. Mtafute mwenye kamera ambazo mwezi wa Agosti zinalala stoo. Mtafute mwenye studio ya sauti. Waambie walete kazi yao badala ya pesa, na mahali pao katika mapato pawe pamoja na mama wa matofali, si nyuma yake, maana jasho nalo ni fedha. Wawili watatu watakutosha. Wakizidi, utakuwa na wenye hisa wengi kuliko watazamaji.

Ile karatasi imefika.

Mjomba wako

*

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Hapa hakuna mgonjwa. Kaka kamng'oa mwenye nyumba jino zima badala ya bovu, sasa kodi inaweza kupanda. Mama anakusalimu, anauliza siku hizi unakula nini hata umepata nguvu ya kuandika kurasa sita.

Mwenye kamera amekubali! Studio ya sauti pia, baada ya mwenyewe kunizungusha wiki nzima kama anayechumbiwa. Pengo limefungwa, na mwongozaji wetu sasa anakuita Mzee wa Risiti, kwa heshima lakini.

Jana nilikutana na mama wa matofali ofisini kwake. Meza yake ni mlango wa zamani uliowekwa juu ya matofali. Nilimwonyesha michoro yangu ya rangi, akaifunika kwa kiganja.

"Binti, michoro nitaitazama nikistaafu. Filamu ikiuzwa, nani anakula kwanza?"

Nikamwambia: msambazaji anatoa gharama zake, halafu wewe, kamera na studio mnarudishiwa mlichoweka, kila mtu kwa kadiri yake, kinachobaki ndiyo faida, nusu yenu nusu yetu.

"Na nyinyi wenye filamu mnakaa wapi siku zote hizo?"

"Jikoni, mama, tunasikilizia harufu."

Alicheka hadi katibu wake akachungulia. Kisha akafunga uso. "Mimi sijengi kwenye kiwanja kisicho na hati. Hati ya hii hadithi iko wapi? Huyo mjomba wako yupo hai?"

Nikasema yupo, na anaandika vizuri. "Basi aandike jina lake," akasema.

Mjomba, nimekupigia simu mara tatu. Iliita hadi ikachoka. Hiyo saini ni dakika moja.

Kiroboto

*

9 Aprili

Mpwa wangu,

Tunaendelea vyema. Simu niliiacha kabatini. Unajua mimi na vitu vinavyolia. Mke wangu sasa ni kilomita tatu.

Nasikia kwa kaka yako kwamba msambazaji fulani amekupa ofa ya kununua haki zote, nchi zote, kwa miaka ishirini na tano, akulipe nusu sasa. Inavutia, kwa sababu ni barua moja badala ya tano. Kataa. Haki za filamu hukatwa kama kitambaa: kipande cha televisheni, kipande cha majumba ya sinema, kipande cha mtandao, nchi kwa nchi, muda kwa muda. Anayechukua jora zima ndiye anayejua atakavyolikata, na wewe utabaki kuwa mtu aliyeliona dukani. Ukiuza, andika muda. Ukiandika muda, andika nini kitatokea muda ukiisha na kazi haijafanyika. Watu hodari wameumia kwa kusahau mstari huo mmoja.

Nimefikiri pia kuhusu skripti yenyewe. Una kipaji chako. Kwa nini mtu kama wewe ahangaike na kijitabu cha zamani, nakala mia tatu, tena nusu zililiwa na mchwa? Andika hadithi yako mwenyewe. Wenye fedha hupenda kitu kipya. Lifikirie bila haraka.

Mjomba

*

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Leo salamu ni fupi, unisamehe.

Nilifikirie bila haraka? Zimebaki siku arobaini. Barua ya televisheni inasema watalipa mfuko ukilipa. Mama wa matofali atalipa televisheni ikisaini. Mwenye kamera amekataa kazi nyingine ya Agosti kwa ajili yangu, na seremala ameshachonga lifti ya mbao, nusu yake imeegemea ukuta wa karakana. Ulinifundisha niwafanye waingie wakiwa wameshikana mikono. Wameshikana, Mjomba. Ukianguka wewe, wanaanguka wote, nami sitapewa mlango wa pili. Katika kazi hii aliyeshindwa mara ya kwanza haitwi tena.

Nimekuomba saini mara mbili. Umenieleza paa, kamera, kitambaa na mchwa, lakini kwenye saini umejitia hamnazo. Mtu mwenye kulinda muda kwenye mikataba kama wewe hashauri mpwa wake atupe miaka miwili bila sababu. Kama hutaki nitengeneze filamu hiyo, niambie hutaki. Kama kuna jingine, niambie hilo jingine. Nitalibeba. Nisichoweza kubeba ni kutojua.

Mpwa wako

*

2 Mei

Mwanangu,

Barua hii haina habari za kilomita wala paa.

Siwezi kusaini kwa sababu hadithi si yangu. Niliiuza.

Miaka ishirini na minane iliyopita nilikuwa natengeneza filamu yangu ya pekee, ile mnayoiona mkitaka kunicheka. Fedha iliisha zikiwa zimebaki siku kumi na moja za kupiga picha. Waigizaji walikuwa hotelini wanadaiwa, na mwenye kamera alikuwa ameketi juu ya sanduku la kamera yake, haondoki. Palikuwa na bwana mmoja mwenye ukumbi wa sinema. Alikuwa amesoma mswada wa Ghorofa ya Saba, akaupenda kuliko filamu niliyokuwa naihangaikia. Akasema atanilipia siku zote kumi na moja, nami nimpe hadithi ile na haki zake zote. Hapakuwa na muda kwenye ule mkataba. Ule mstari mmoja niliokuandikia, aliyeusahau ni mimi.

Alikuwa muungwana. Aliniachia nichape kitabu, lakini filamu ilibaki yake. Hakuitengeneza. Nakala yangu ya mkataba niliichana. Mzee wa Risiti anazo risiti za kalamu za mwaka ule. Karatasi hiyo moja hana.

Uliponiomba pale harusini, kila mtu alikuwa anatutazama, na mama yako alikuwa anatabasamu. Mwanamke wa lifti ni yeye, unajua. Kila alichonisimulia akitoka kazini mimi nilikiandika, kisha nikakiuza, na sikumwambia hata nusu neno. Ningekwambia wewe ukweli, ungemfikia. Nikasema "chukua" kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi, nikategemea kwamba hutapata fedha. Umeipata. Nakusifu, na naona haya.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Mwendee mwanasheria wa mfuko umweleze yote, kabla hajagundua mwenyewe. Kasoro uliyoitaja wewe ni kazi ya kurekebisha. Iliyogunduliwa na mwenye fedha ni utapeli, hata kama karatasi ni ileile. Mwambie na mama wa matofali. Mimi nafunga mkoba, namtafuta yule bwana wa ukumbi.

Mjomba wako

*

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na ufike salama huko uendako. Barua hii naituma kwa mkaza-mjomba, akusomee kwa simu. Sasa utaipokea simu, natumaini.

Nililia kwanza, nisikufiche. Kisha nikanawa uso nikaenda. Mwanasheria wa mfuko alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema tarehe haisogei hata siku moja, ila anashukuru kusikia kwangu. Mama wa matofali alinisikiliza akiwa amesimama kwenye vumbi la tanuru. "Hata mimi kiwanja changu cha kwanza kilikuwa na wenyewe wawili," alisema. "Niliyemkuta amenyamaza ndiye niliyemshtaki. Endelea."

Tarehe 24 naondoka kwenda mjini kwenye ofisi za mfuko, nitasubiri huko hadi saa ya mwisho. Nikaona niwe karibu na mlango.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Kiroboto

*

29 Mei, nyumbani kwenu, mezani kwako

Mpwa wangu,

Bahasha hii anakuletea dereva wa basi la asubuhi. Usiifungue barabarani.

Bwana wa ukumbi alifariki miaka sita iliyopita. Ukumbi umekuwa ghala la magodoro. Binti yake ana kiwanda kidogo cha kuchapa kadi na kalenda, nikamkuta ana wino hadi kwenye viwiko.

"Wewe ndiye wa filamu?" akaniuliza kabla sijajitambulisha. "Baba alisema utakuja. Umechelewa."

Mkataba anao, umehifadhiwa kwenye plastiki kama cheti cha shule. Nikaanza kumweleza bei ya soko ya haki za namna hii, nikamweleza filamu yako, nikamweleza mengi. Alikuwa anapanga kalenda huku anasikiliza. Mwisho akasema:

"Huyu mwanamke wa lifti ni mtu kweli?"

"Ni dada yangu."

"Baba alipokulipa, yeye alipata nini?"

Nikasema sheria ya wakati ule haikuwa...

"Mzee, sijakuuliza sheria."

"Hakupata kitu," nikasema.

Akavuta kiti, akaandika kwa mkono wake kwamba haki zote anaikabidhi kampuni yako, naye atachukua ile sehemu ya faida uliyokuwa umeniwekea mimi. Nimeridhia. Akasaini chini kabisa ya ukurasa mbele ya wakili wa jirani, akaongeza mstari: saini yake haina nguvu mpaka mwenye maisha haya asaini juu yake. Akaacha nafasi tupu pale juu. Nimekaa na nafasi ile mapajani saa tisa nzima ndani ya basi.

Mama yako nilimkuta anakunja nguo. Nilisimama, nikasema yote kwa pumzi moja. Aliendelea kukunja hadi shuka ikaisha.

"Uliniuza bei gani, kaka?"

"Siku kumi na moja za kazi."

"Mimi nilisimama mle ndani miaka kumi na moja. Umenipunja."

Nikasema ndiyo. Akasubiri niongeze maneno, kama ilivyo kawaida yangu. Sikuongeza. Akasema, "Kisome sasa. Miaka yote hii ulikuwa unaniambia nakala zimeisha."

Nilitoa nakala yangu mkobani, nikasoma kwa saa tatu. Alicheka mara mbili, zote mahali ambapo sikukusudia kuchekesha. Tulipofika mwisho, pale mwanamke wa lifti anaposhuka mara ya mwisho na wageni wa hoteli wanampigia makofi ukumbini, akaninyang'anya kitabu.

"Nani alipiga makofi?"

"Niliona kwamba msomaji, baada ya kumfuata mhusika kwa..."

"Usinieleze. Andika."

Nikachukua kalamu yako. Akasimulia siku ile ilivyokuwa. Fundi alikuja kufunga vitufe, ili abiria wajibonyezee wenyewe. Akamwomba mama yako amwonyeshe ni ghorofa ipi mlango hukwama. Akamwonyesha, ni ya saba, unauinua kidogo ndipo unausukuma. Alipomaliza kumfundisha alivua kofia ya kazi, akashuka kwa ngazi, kwa sababu hakutaka kuwa abiria wa kwanza wa lifti isiyo na mtu. Ngazi mia moja arobaini na mbili. Alizihesabu. Hapakuwa na mtu pale chini.

Alisoma nilichoandika, neno kwa neno. Kisha akauliza stahili ya mwenye hadithi ni kiasi gani katika bajeti. Nikamtajia ile uliyoniandikia mimi. Akasema hiyo ni yake, hataki habari za faida, alipwe siku ya kwanza ya kupiga picha, kabla kamera haijawashwa. Amejadiliana nami vikali kuliko mwekezaji yeyote niliyewahi kumkabili, na mimi nilikuwa upande wake! Ndipo akasaini.

Ndani ya bahasha utakuta makabidhiano yenye saini mbili, yake juu. Utakuta na mwisho mpya wa hadithi, kwa mwandiko wangu na kwa maneno yake. Uweke kwenye skripti kama ulivyo.

Mjomba

*

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na umwambie mkaza-mjomba ahsante kwa kukuazima.

Dereva alifika tarehe 30, saa tisa na dakika hamsini. Nilipanda hadi ofisi za mfuko mbio, viatu mkononi. Mwanasheria alisoma makabidhiano mara mbili, akaweka kidole kwenye saini ya juu, kisha kwenye ya chini, akagonga mhuri. Televisheni wamesaini Jumatatu. Tunaanza kupiga picha tarehe 3 Agosti, na mstari wa kwanza wa malipo ya siku hiyo ni jina la Mama.

Jana mama wa matofali naye alileta fedha yake. Nilikuwa nimempelekea ukurasa mpya wa mwisho ausome, maana ana haki ya kujua amenunua nini. Aliusoma akiwa wima, akaukunja, akaurudia.

"Nani kaandika hii?"

"Mama yangu."

"Ana nyingine?"

Nilipofika nyumbani nikamwuliza. Anasema anazo tisa, ghorofa kwa ghorofa, na safari hii atauza mwenyewe.

Mpwa wako,
Kiroboto